Alivua Shati Kwanza

Mwanamke huyu walimwita Shazia, kwa ajili ya ile sindano ndefu ya kushonea magodoro aliyokuwa akiichomeka kwenye kilemba chake, na kwa ajili ya mdomo wake pia, maana vyote viwili vikikuingia unajua umeingiwa. Jina alilopewa na baba yake lilikuwepo, lakini hakulitumia. Alisema aliyempa hilo jina hakumpa kitu kingine cha maana.

Kazi yake ilikuwa kupiga. Godoro kuukuu likiletwa, alilichana tumbo kwa kisu, akamwaga pamba iliyogandamana juu ya turubai, akajifunga kitambaa puani, akashika fimbo mbili na kuyacharaza yale madonge mpaka yafunguke na pamba iinuke kama povu. Halafu aliirudisha kwenye kitambaa kipya, akashona. Uani kwake vipigo vilianza asubuhi na kwisha jua likishuka. Siku moja mpita njia asiyemjua alidhani ni mtoto anayechapwa, akavunja komeo la mlango aje kuamua. Alimkuta bibi mweupe kwa vumbi tangu nyusi hadi vidole vya miguu, anamtazama.

"Umekuja kununua godoro au komeo?" Shazia akamwuliza.

Kazi ile aliachiwa na marehemu mumewe, mtu mpole ambaye maisha yake yote hakuwahi kupiga kitu ila pamba. Shazia alikimbilia kwake akiwa msichana, na nguo alizovaa tu, kutoka kwenye nyumba ambamo mkono ulikuwa unatangulia salamu. Sikio lake la kulia lilikuwa halisikii. Aliyemwuliza limekuwaje aliambiwa limestaafu. Kwa baba yake hakurudi, hata alipokufa. Alipeleka godoro la kulalia waombolezaji, akasema hilo linatosha.

Basi asubuhi moja, akiwa katikati ya kupiga, mlango ukafunguliwa. Akaingia mdogo wake wa mwisho, yule waliyemwita Kitinda hata baada ya kuwa na wajukuu, na nyuma yake mumewe, Mwalimu. Mwalimu alikuwa na mkono katika plasta tangu kiwiko hadi vidole, na jicho moja limefura likabaki ufa.

Shazia akashusha fimbo. "Shemeji, umekutana na nani?"

"Jirani yetu, Mwenye Trekta," Kitinda akajibia, maana mdomo wa mumewe nao ulikuwa umepasuka. "Amevunja mpaka, dada. Amelifunga lile jiwe la baba kwa mnyororo, akaliburura, akalitupa mtaroni. Sasa anasema mpaka ni mtaro."

"Mtaro uko upande gani wa nyumba yako?"

"Upande wetu. Nyumba nzima inakuwa yake. Nyumba na shamba la nyuma."

Mwalimu alikuwa amekwenda kusimama mbele ya trekta akidhani heshima yake ya ualimu itaizima injini. Mwenye Trekta alishuka na spana, akamvunja mkono mchana kweupe, halafu akarudi juu akaendelea kulima. Mbwa wao alikimbilia magurudumu akibweka, na majembe ya nyuma yakamchukua. Kitinda alizika alichoweza kukiokota.

Wanawe Mwenye Trekta walikuwa wanapita kila jioni wakigonga madirisha kwa mapanga, taratibu, kama watu wanaobisha hodi.

"Baraza la ardhi litakaa palepale shambani," alisema Mwalimu kwa shida. "Mwenyekiti anataka mtu anayekumbuka jiwe lilipokuwa. Wazee wamekwisha. Umebaki wewe."

"Mimi niliondoka zamani."

"Ulipigwa pale," akasema Mwalimu. "Marehemu mama mkwe alinieleza mwenyewe. Ulipigwa jiweni pale ukiwa mtoto, ndipo sikio lilipokufa."

Shazia alichomoa shazia kilembani, akaitazama ncha yake, akairudisha.

Mwalimu akatoa kitabu mfukoni, cha hadithi za shule, kimekunjwa ukurasa. Akakaa juu ya rundo la pamba bila kukaribishwa na kuanza kusoma. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mtu na mwanawe wanakwenda kwenye jiwe la mpaka. Yule mtu anavua shati, analikunja, analiweka kwenye nyasi. Anamshika mtoto na kumpiga mpaka anachoka. Kisha anambeba mgongoni kwenda nyumbani, na mtoto anakua akijua mpaka ule kama anavyoyajua makovu yake. Chini yake waandishi walikuwa wameweka swali: eleza sababu za mhusika kumpiga mtoto.

"Na jibu lake," alisema Mwalimu, akiinua kidole cha mkono mzima kana kwamba yuko darasani, "ni upendo wa ardhi. Zamani hakukuwa na hati. Mtoto alipigwa mpakani ili asipasahau. Huyu baba anaumia zaidi ya mwanawe. Ndiyo maana anambeba."

"Soma tena hapo pa shati."

Mwalimu akasoma tena.

"Alivua shati kwanza," alisema Shazia. "Akalikunja."

"Ndiyo. Ni kuonyesha kwamba tendo ni zito."

"Ni kuonyesha kwamba shati ni jipya. Shemeji, mtu anayetaka mtoto akumbuke mahali anamzaba kofi moja, yakaisha. Anayevua shati akalikunja amejipangia kutoka jasho. Huyo mtu wako alikwenda pale na kazi yake nyingine, mtoto akamkuta."

"Hadithi haisemi hivyo."

"Hadithi inasema shati. Wewe ndiye unayesema upendo."

Kitinda akapiga magoti kwenye turubai, pamba ikamshika kanga. "Dada, hatukuja kusahihisha kitabu. Sema tu kwamba baba alikupiga pale ili ukumbuke. Mwenyekiti anaijua desturi hiyo, atakuamini. Ukisema alikupiga hivihivi, Mwenye Trekta atasema mtoto hupigwa popote."

"Na kweli alinipiga popote. Alinipiga jikoni. Jikoni kuna mpaka gani?"

"Dada."

"Wewe alikupiga wapi?"

Kitinda akainamisha macho. "Mimi hakunipiga."

"Basi nashangaa umeijuaje njia ya kwenda nyumbani."

Mwalimu alitaka kucheka, mdomo ukamuuma. Kitinda akaanza kulia bila sauti, akisema nyumba ile ndiyo kila kitu alicho nacho, baba alimpa kiwanja kwa mkono wake, alipima mwenyewe, alisimama na mafundi mwenyewe. Shazia alimsikiliza kwa lile sikio zima mpaka akamaliza.

"Nitakuja," alisema. "Nitasema alivyonipiga."

Wakaenda zao wamefurahi. Naye akashika fimbo, lakini siku ile pamba ilimshinda, maana alikuwa anapiga mahali pamoja tu.

Baraza lilikaa mbele ya nyumba ya Kitinda asubuhi jua halijawa kali. Waliweka mabenchi, na kiti cha mikono kwa Mwenyekiti, mtu mnene aliyejipepea kwa kofia yake. Mwenye Trekta alikuja na wanawe wawili, na spana imening'inia kiunoni kama vile bado ana kazi nayo. Alipomwona Shazia akiketi, alicheka.

"Mwenyekiti, bibi huyu ana sikio moja. Leo tunapimiwa ardhi kwa sikio?"

"Moja linanitosha kusikia trekta lako linavyokohoa," alisema Shazia. "Lipeleke hospitali kabla hujalifikisha kwenye shamba la mtu."

Watu wakacheka, na mwana mkubwa wa Mwenye Trekta akasogea hatua moja mbele. Mwenyekiti alimwonyesha kofia, akarudi.

Mwalimu akasimama, mkono wake wa plasta mbele kama ushahidi mwingine. "Shemeji, lieleze baraza marehemu alikupiga wapi, na kwa nini."

"Wapi nitasema. Kwa nini nitasema pia, ila si kama ulivyonifundisha."

Akatoa kitambaa, akafuta uso, akaeleza akiwa ameketi, mikono juu ya magoti. Alisema alitumwa na mama yake kumpelekea baba chakula shambani saa za mchana, watu wote wakiwa wamejificha jua. Akamkuta baba tumbo wazi. Shati lake limekunjwa vizuri juu ya nyasi. Ameshika mtaimbo, na jiwe la mpaka liko nje ya shimo lake, amelibiringisha nusu ya safari. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni.

"Nikamwuliza, baba, jiwe linakwenda wapi?"

Kitinda, aliyekuwa anatikisa kichwa kukubali tangu mwanzo, kichwa kikamsimama.

"Akanipokea bakuli, akaliweka chini kwanza, maana chakula alikipenda. Akavua mkanda. Alinipiga kwa upande wa chuma. Kila akipiga anauliza, umeona nini? Nasema, nimeona jiwe. Anapiga. Umeona nini? Jiwe. Nilikuwa mtoto mjinga, nilidhani anayeuliza anataka kujibiwa. Mkanda ulipokatika akanishika mguu, akanibamiza kichwa kwenye mwamba uliokuwa kando ya shimo, mwamba uliozama ardhini, wenye ufa katikati. Sikio likapasuka ndani, nikasikia kama mtu amechana kitambaa. Ndipo nikasema sijaona kitu. Akaniacha. Akala."

Alinyoosha kitambaa chake gotini, akakikunja.

"Mama alinifuta weusi shavuni kwa maji ya moto. Ulikuwa mkaa. Shemeji hapa amenisomea kwamba mtoto hupigwa mpakani ili akumbuke. Huenda kwa wengine. Mimi nilipigwa ili nisahau, ila kichwa changu ni kibishi."

"Mwamba huo uko wapi, bibi?" Mwenyekiti akauliza.

Shazia akanyoosha kidole. Watu wote wakakifuata kwa macho, na kidole kilikuwa kinaonyesha mlango wa nyumba ya Kitinda.

"Sebuleni. Chini ya kochi lake kubwa. Muulizeni mwenyewe kama kochi lile limewahi kutulia."

Hapo palitokea kicheko kimoja kisichojijua, maana kila aliyewahi kukaribishwa kwenye nyumba ile alilijua lile kochi. Lilikuwa linayumba. Saruji ilivimba pale kama goti lililoumia, ikapasuka, ikazibwa, ikapasuka tena, na Kitinda alikuwa amewatukana mafundi watatu.

"Dada, unasema nini?" Kitinda alisimama. "Pale baba alinichagulia mwenyewe. Alisema ndipo pazuri. Alinipa kwa mapenzi."

"Alikupa kifuniko," alisema Shazia. "Alikuwa na shimo, akaweka nyumba juu yake, akakuweka wewe ndani ukae, mtu asichimbe."

Kitinda alivuka uwanja. Hakuna aliyemzuia, maana alikuwa mwanamke mtulivu ambaye hata kuku alikuwa anachinjiwa na jirani. Alimpiga dada yake ngumi ya mdomo, halafu nyingine, halafu akamshika mabega na kuanza kumtikisa na kumbamiza kwenye mgongo wa benchi, na sauti aliyokuwa anaitoa haikuwa maneno. Mwalimu alijaribu kumvuta kwa mkono mmoja. Ilibidi wanaume wawili wasaidie. Shazia hakuinua mkono. Alipoachiwa, alitema jino kiganjani, akalitazama, akalifunga kwenye ncha ya kanga.

"Anapiga kama baba," alisema. "Hakupigwa, lakini anajua."

Mwenyekiti akaamuru sakafu ivunjwe. Wana wa Mwenye Trekta ndio waliojitolea, wakaingia na nyundo kubwa kama waalikwa wa harusi. Walilitupa kochi nje kupitia dirishani, na dirisha likaenda nalo. Walivunja saruji, na pamoja na saruji wakavunja kabati la vyombo ambalo halikuwa njiani. Vumbi lilipotulia, mwamba ulionekana, mweusi, umepasuka katikati kama alivyosema. Kando yake udongo ulikuwa laini kuliko mwingine. Wakachimba. Juu kulikuwa na udongo mtupu, na chini, mahali ambapo mtu mwenye haraka hakufika, kulikuwa na mkaa na vigae vya chungu vimepangwa chini ya jiwe lisilokuwepo tena.

Mwenyekiti alichukua kipande cha mkaa, akakisugua kidoleni. Watu wa zamani waliochimbia jiwe la mpaka walizika mkaa chini yake, kwa kuwa jiwe linahamishika na mti unaoza, lakini mkaa unakaa. Kila mwenye shamba pale alilijua hilo. Baba yake Shazia alilijua pia, ndiyo maana mikono yake ilikuwa myeusi. Aliuchokoa, akaupata aliouona, akakatizwa na mtoto aliyeleta chakula.

Mwenye Trekta alikuwa anapiga makofi. "Mwizi. Mwizi na kizazi chake. Baba yangu alikufa akilalamika, wakamwita mwongo."

"Kweli, baba yako alidhulumiwa," alisema Mwenyekiti. "Mpaka ni hapa. Sebule na baraza ya nyumba ziko kwako. Vyumba vya kulala viko kwao. Na kutoka hapa mpaka mtaroni, pamoja na shamba la nyuma, ni kwao. Umelima kwa watu, umevunja mkono wa mtu. Hilo la mkono litakwenda polisi."

Makofi yakakoma. Mwenye Trekta alimtazama Mwenyekiti, akamtazama Shazia, na kama watu wa aina yake walivyo akamchagua aliye karibu na aliye mzee. Alimshika kilemba akamvuta kutoka kwenye benchi, akimwinua kwa nywele na kitambaa pamoja. "Nani alikuambia useme nusu? Ungesema yote au ungenyamaza."

Shazia alipandisha mkono kichwani, kama mtu anayetaka kuokoa kilemba. Alichomoa shazia, akaipitisha kwenye kile kiganja kilichomshika. Alikuwa ameshona magodoro maisha yake yote na alijua namna ya kusukuma mpaka itokee ng'ambo. Mwenye Trekta alitoa sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake, akakaa chini, mkono wake ameuinua mbele ya uso anautazama.

"Usiivute wewe mwenyewe," Shazia alimwambia, akijifunga kilemba upya. "Utachana. Na nirudishiwe, sina nyingine."

Haikurudishwa. Jioni ileile, kabla polisi hawajafika, wana wa Mwenye Trekta walibomoa upande wao wa nyumba. Walifuata mstari wa mwamba bila kukosea hata tofali, na Kitinda alisimama chumbani mwake akiona ukuta ukianguka na uwanja ukiingia. Mwalimu alitundika turubai mahali palipokuwa na mlango. Walibaki na vyumba viwili, jiko la nje, na shamba la nyuma ambalo sasa hakuna aliyewasumbua nalo, maana Mwenye Trekta alikuwa mahabusu na mkono wake umeoza.

Watu walikuwa na kazi ya kueleza. Kila aliyelichukua lile jambo kinywani aliongeza chumvi yake. Walisema Shazia alimwonea wivu mdogo wake tangu utotoni. Walisema alihongwa na Mwenye Trekta, halafu wakikumbuka ile sindano wanasema basi alihongwa akadhulumiwa. Walisema ni uzee. Wengine walisema alikuwa analipiza kwa baba, na kwa kuwa baba hayupo alimpata mtoto wake kipenzi. Mwalimu ndiye aliyekuwa na maelezo marefu kuliko wote, akayatoa penye kahawa, penye misiba na penye foleni ya hospitali alikokwenda kukatwa plasta. Yalipomfikia Shazia alisema shemeji ameanza kusoma vizuri, ila bado anaruka shati.

Yeye mwenyewe hakueleza. Alinunua sindano nyingine, fupi kidogo, hakuipenda.

Mvua zilipoanza, turubai la Mwalimu halikutosha. Asubuhi moja mlango wa ua ulisukumwa kwa bega, na Kitinda akaingia akiburura godoro la ndoa yake, limelowa, linachuruzika maji machafu. Alilitupa katikati ya uwanja. Tangu lile baraza hawakuwa wamesemezana. Alikuwa amekonda, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa bado vimepinda kwa ile ngumi aliyopiga.

"Limeharibika," alisema.

"Naona."

Shazia alilichana tumbo. Pamba ilitoka nyeusi na nzito. Wakaitandaza juani, dada upande huu, mdogo upande ule. Waliigeuza mara kwa mara mpaka ikaanza kupata joto.

"Ungenyamaza," Kitinda alisema mwishowe, akiitazama pamba. "Ulinyamaza miaka yote. Mama alikufa umenyamaza. Ungeongeza kidogo tu nami nife ndani ya nyumba yangu. Kwa nini, dada?"

Shazia alikaa juu ya rundo. Ulimi wake ukaenda penye pengo la jino, kama ulivyozoea siku hizi.

"Baba aliniuliza nimeona nini, nikasema sijaona. Alikufa, bado sijaona. Ameoza, bado sijaona. Shemeji akaja na kitabu chake ananiambia niseme alinipiga kwa wema, na nikasema moyoni, baba hata kaburini ananituma." Akafuta uso. "Nilichoka kumtii. Hapakuwa na kingine. Nyumba yako ilikuwa juu ya hiyo njia, na niliiona, na nilipita."

Kitinda hakusema amesamehe, na hakusamehe. Aliinuka, akachukua fimbo mbili za dada yake zilizosimama ukutani, akasimama juu ya pamba na kuanza kupiga. Alipiga kwa mwili mzima, kutoka juu, meno ameyauma, vumbi likapanda likamfunika.

"Usishushe kwa hasira," Shazia alisema. "Nyuzi zinakatika. Inua, halafu iache fimbo ianguke yenyewe."

Kitinda akaendelea kupiga vilevile. Shazia akavuta kitambaa kipya, akatafuta uzi, akaanza kushona upande mmoja akimsubiri, na pamba inayokatika akaiacha ikatike.